Nywele, kuoga na chooni: kazi za kila wiki ukiwa na mabinti wadogo

Nyumba yenye mabinti wawili au watatu wadogo ina kelele zake, na kubwa kuliko zote ni ya siku ya kuosha nywele. Mara nyingi kilio hicho hakitokani na ukaidi wa mtoto. Nywele zimechanwa zikiwa kavu, chanuo limeanzia utosini badala ya nchani, na mtoto mwenyewe ameketishwa akiwa na njaa au usingizi. Rekebisha hayo matatu na sehemu kubwa ya vita inaisha. Nazungumzia zaidi nywele za kipilipili kwa sababu ndizo zinazowashinda wengi. Habari za kuoga na chooni ziko mbele kidogo, maana huko nako kuna makosa yanayojirudia kila nyumba.

Unywele wa kipilipili umebapa kidogo na kujikunja tangu unapotoka kwenye ngozi. Mafuta ya asili ya kichwa hayashuki hadi nchani, na kila kona ya mkunjo ni mahali pepesi pa kukatikia. Ndiyo maana ngozi ya kichwa inaweza kung'aa mafuta huku ncha zikiwa kavu kama majani ya kiangazi. Ndiyo maana pia kumpaka mtoto mafuta juu ya nywele kavu hakusaidii sana: mafuta hayaleti unyevu, yanazuia tu ule uliopo usitoke. Maji yatangulie, mafuta yafuate.

Kuosha kwa shampuu kila baada ya siku 7 hadi 14 kunatosha. Ukizidisha nywele zinakauka, ukichelewesha uchafu na mafuta ya zamani vinaziba ngozi na mtoto anaanza kujikuna. Akichezea mchanga katikati ya wiki, suuza kwa maji matupu na kondishena kidogo, basi.

Kabla ya kumwita, kila kitu kiwe mkononi: chanuo la meno mapana, vibanio vinne hadi sita, chupa ya kupulizia maji, kondishena, shampuu ya watoto, mafuta, na fulana kuukuu ya pamba. Mtoto awe ameshakula na ameshaenda chooni. Usijaribu kufumua, kuosha na kusuka kwa mkao mmoja kwa mtoto wa miaka mitatu. Fumua jioni, osha kesho yake asubuhi, suka baada ya usingizi wa mchana. Anayelazimishwa kukaa saa mbili mfululizo leo, wiki ijayo atakimbia akiona chanuo tu.

Kufumua ndiko kunakoharakishwa kuliko hatua zote, na ndiko kunakozaa mafundo. Nywele hung'oka zenyewe kila siku. Mtu mzima hupoteza kama 50 hadi 100, na mtoto ana kiasi chake. Kichwa kikiwa kimesukwa hazina pa kuangukia, zinabaki ndani ya msuko. Kwa hiyo ukifumua msuko wa wiki tatu na kupata bonge la nywele kiganjani, usishtuke. Cha kuangalia ni shina la kila msuko: utakuta kijiduara cha kijivu cha vumbi, mafuta yaliyoganda na nyuzi za nguo, kimezingira nywele pale zinapotoka kichwani. Maji yakikigusa kabla hujakitoa, kinajibana na nywele zilizong'oka zinajisokota humo hadi inakuwa kipande kigumu ambacho wengine huishia kukikata kwa mkasi. Tia tone la mafuta au kondishena pale pale, sugua kwa vidole viwili mpaka kilegee, kisha kivute taratibu kuelekea nchani. Fanya hivyo kwa kila msuko kabla ya tone la kwanza la maji. Inachosha, ndiyo, lakini ni afadhali kuliko mafundo.

Sasa gawa nywele mafungu manne. Zikiwa nzito, sita hadi nane. Achia fungu moja, mengine yabane. Pulizia maji hadi zilowe bila kuchuruzika, paka kondishena mpaka ziteleze kati ya vidole. Mkono mmoja ushike nywele juu ya fundo, kati ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie kwenye ngumi yako na usifike kichwani. Mkono mwingine uchane sentimita mbili au tatu za mwisho. Zikipita laini, panda kidogo, tena kidogo, hadi shinani. Chanuo likigoma, liondoe. Ongeza kondishena na ulitanue fundo kwa vidole kuelekea pembeni, kwa sababu kulivuta kuelekea chini kunalikaza. Fungu likiisha, lisokote mara mbili tatu na ulibane, halafu nenda kwenye linalofuata. (Kwa nywele laini zilizonyooka mambo ni kinyume kidogo: chana kabla ya kuosha zikiwa kavu, kisha ziache zipungue maji kabla ya kuzichana tena, maana zikilowa hunyumbuka na kukatika upesi.)

Osha mafungu yakiwa bado yamesokotwa. Ukiyaachia yote, kazi ya kuchana imepotea. Maji yawe vuguvugu, yapime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Kijiko kidogo cha shampuu kiyeyushe kwenye kikombe cha maji, umimine kwenye mistari kati ya mafungu, na usugue ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Nywele zenyewe hazihitaji kufikichwa. Povu linaloshuka linazitosha. Usizikusanye zote utosini na kuzisugua kama nguo.

Mtoto anayeogopa maji usoni mlaze chali, shingo ikiwa juu ya taulo lililokunjwa kwenye ukingo wa beseni, na kiganja chako chini ya kisogo chake. Anayekaa wima ashike kitambaa kikavu kwenye paji la uso na atazame dari. Suuza hadi maji yatoke safi na ngozi isiteleze tena. Shampuu iliyobaki ikikauka hutoa magamba meupe na mwasho, na wazazi wengi huanza kununua dawa ya mba kwa kitu ambacho kingeondoka kwa vikombe viwili vya maji. Kondishena ikae kama dakika tano, isuuzwe, kisha nywele zikamuliwe kwa ile fulana ya pamba. Taulo lenye manyoya linazikwaruza na kurudisha mafundo.

Usisuke nywele zinazochuruzika. Unywele uliolowa umenyumbuka. Ukikauka unajirudi, na msuko uliokuwa wa kawaida jioni unakuwa umekaza asubuhi. Pia unyevu uliofungiwa ndani hunuka. Ziache zifikie unyevunyevu, paka mafuta kidogo, ndipo usuke.

Kuhusu kukaza niseme waziwazi: msuko wa mtoto haupaswi kuuma, si siku ya kwanza wala usiku wake. Tazama ukingo wa nywele, hasa panjani na kwenye paji la uso. Ukiona vipele vidogo pale nywele zinapotokea, ngozi imeinuka kufuata msuko, nyusi zimevutwa, au mtoto hataki kulalia ubavu, umekaza mno. Fumua mstari wa mbele siku hiyo hiyo. Kumpa dawa ya maumivu ili avumilie mtindo ni kuficha dalili. Mvuto unaorudiwa mwezi hadi mwezi huumiza mashina. Mwanzoni nywele hurudi ukiacha kuzivuta, lakini ukiendelea kwa miaka mashina hufa na upara wa panjani haurudi nyuma. Vinywele laini vya ukingoni viache nje ya msuko, badilisha mahali pa kupasulia njia kila unaposuka upya, na mtoto wa chini ya miaka mitatu afungwe mabutu manne yaliyolegea. Rasta nzito kichwani mwa mtoto wa miaka minne sioni sababu yake.

Msuko wa nywele zake mwenyewe ukae wiki mbili, tatu ukizidi. Mipira membamba ya kufungia ikate kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, usiivute, maana hutoka na nywele. Shanga za nywele si za mtoto wa chini ya miaka mitatu: ikichomoka usiku inaishia mdomoni, na inaweza kuziba njia ya hewa. Dawa ya kunyoosha nywele ina kemikali kali inayoweza kuunguza ngozi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba. Isubiri.

Usiku, kitambaa au foronya ya satini hupunguza msuguano. Kitambaa kikimtoka kila usiku, usishindane naye, tumia foronya.

Ukiona kiraka chenye magamba ambapo nywele zimekatika na kuacha vitone vyeusi, hayo huenda ni mapunye, ugonjwa wa fangasi. Krimu peke yake haiponyi kwa sababu fangasi wako ndani ya shina la unywele; inahitajika dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na huandikwa na daktari. Wakati huo kila mtoto awe na chanuo, taulo na kofia yake, na wadogo zake wakaguliwe pia.

Wenye mabinti wawili wenye nywele tofauti: msilinganishe wakiwa wanasikia. Kauli kwamba wa kwanza ana nywele nzuri na wa pili ana nywele ngumu hukumbukwa kwa muda mrefu kuliko msuko wowote.

Bafuni kuna kanuni chache. Ngozi ya sehemu za siri za msichana ambaye hajaanza kubalehe ni nyembamba na haina ulinzi wa homoni anaokuwa nao mwanamke mzima. Sabuni, povu la kuogea, dawa za kuua vijidudu na manukato huiwasha, ikawa nyekundu na kuuma akikojoa. Wengi wakiona wekundu huongeza sabuni, na hali inazidi. Osha kwa nje kwa maji matupu, usiingize kidole wala kitambaa ndani, kisha kausha kwa kugusagusa. Kama anaoga kwenye beseni, sabuni na shampuu ziwe za mwisho, ili asikae ndani ya maji ya povu. Chupi ziwe za pamba na zisibane. Usiku anaweza kulala bila chupi ndani ya gauni pana.

Chooni, mfundishe kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Mtoto wa miaka mitatu au minne huelewa lakini mkono wake haufiki vizuri, kwa hiyo mwache aanze, nawe umalizie. Kanuni isiyojulikana sana ni ya mkao. Mtoto mdogo kwenye choo cha kukalia cha watu wazima hubana magoti ili asidumbukie, na mkojo fulani unarudi ukeni. Akisimama na kutembea unatoka, chupi inalowa, na anagombezwa kwamba amejikojolea. Weka kigoda chini ya miguu, chupi ishuke hadi kwenye vifundo vya miguu, magoti yaachane, ainame mbele kidogo. Akimaliza akae kidogo, asimame, kisha ajifute. Kwa watoto wengi ulowevu huo huisha hapo bila dawa.

Wasichana hupata maambukizi ya njia ya mkojo kuliko wavulana kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Kuzuia mkojo kwa muda mrefu na choo kigumu huchangia. Mkumbushe kwenda chooni kila saa mbili au tatu, hasa anapozama kwenye mchezo. Choo kikiwa kigumu shughulikia hicho kwanza, kwa sababu utumbo uliojaa hugandamiza kibofu kisimalize mkojo.

Mwasho unaomwamsha usiku, hasa sehemu ya haja kubwa, fikiria minyoo midogo myeupe ya uzi. Mchunguze kwa tochi akiwa amelala. Dawa hupewa watu wote wa nyumba siku moja na kurudiwa baada ya wiki mbili, kwa kuwa dozi ya kwanza haiui mayai. Siku hizo fupisha kucha, badilisha mashuka, na asubuhi mtoto aoge kabla ya lolote.

Mpe binti majina halisi ya sehemu za mwili wake mapema, ili siku akisema panauma uelewe ni wapi. Ukimwogesha mwambie unachotaka kugusa kabla ya kugusa, na kuanzia miaka minne au mitano ajisafishe mwenyewe sehemu za siri, wewe ukimwelekeza.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akiwa na homa isiyoeleweka pamoja na maumivu ya kukojoa, au damu. Uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya usiokoma nao unahitaji daktari. Wakati mwingine ni kipande cha karatasi ya chooni au kitu kidogo kilichoingia ukeni, na kutolewa kwake si kazi ya nyumbani. Matiti yakianza kuota kabla hajatimiza miaka 8, aonwe pia, hata kama haumwi popote.