Tatu, Mbili, Tano

Hindi la kuchoma ndilo lililonipeleka kwa daktari wa meno. Ilikuwa jioni, mwaka 2016, nimesimama kituoni Mwenge nikisubiri daladala, nang'ata hindi lililopakwa ndimu na pilipili, nikaona gunzi lina wekundu. Nilidhani ni pilipili. Nikatema mate pembeni, nayo yakawa na damu.

Damu yenyewe haikuwa ngeni. Kwa zaidi ya mwaka ilikuwa ikitoka kila nikipiga mswaki, hasa kulia chini, na kwetu jina lake linajulikana: kiseyeye. Dawa yake machungwa na kusukutua kwa maji ya chumvi. Machungwa nilikula, maji ya chumvi nilisukutua. Mswaki nao nikawa naupitisha mbali na pale panapotoa damu, kama mtu anavyokwepa kidonda. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa nilidhani najitunza.

Halafu kulikuwa na maneno ya mama: "Sisi ukoo wetu meno hayadumu." Bibi alizikwa hana jino hata moja. Mama mwenyewe alianza kung'oa akiwa na miaka 40, meno mazima yasiyo na tundu, yanalegea tu mpaka anayatikisa kwa ulimi.

Daktari alikuwa kijana, mkono wake mwepesi. Alichukua kijichuma chembamba chenye mistari ya milimita, akawa anakizamisha taratibu kati ya fizi na jino huku akimsomea muuguzi: "Tatu, mbili, tatu. Tatu, tatu, nne." Muuguzi anaandika. Sikujua nambari zile zina maana gani, ila alipofika kulia chini alianza kusoma polepole. "Tano. Sita. Tano. Panatoa damu."

Akanishikisha kioo. Fizi yenye afya, alisema, hulikumbatia jino, na kile kijichuma hakizami zaidi ya milimita 3. Lakini utando laini wa vijidudu usipoondolewa kila siku huganda ukawa ukoga mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauuwezi tena. Fizi inavimba na kuachana na jino, panabaki mfuko. Uchafu unashuka humo, na mfupa ulioshika jino unaanza kupungua, mara nyingi bila maumivu yoyote. Nikayaona meno ya mama, moja moja, yakiwa kwenye kiganja chake.

"Dada, damu haitoki kwa sababu mswaki umekuumiza," alisema. "Inatoka kwa sababu pamevimba, na pamevimba kwa sababu hapasafishwi." Kiseyeye chenyewe, akaniambia, ni upungufu wa vitamini C, na changu sicho.

Akauliza kama nyumbani tuna mwenye sukari. Nikamwambia mama. Akaweka kalamu chini. Sukari ikiwa juu, alinieleza, fizi hushindwa kupambana na maambukizi. Na fizi zikikaa na uvimbe muda mrefu, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Akaniagiza nami nikapime. Yangu ilikuwa sawa, ila kwa mama nilikosa usingizi.

Nilisafishwa kwa siku mbili, upande mmoja kila siku. Sindano ya ganzi, kisha mashine inayotetemeka huku ikimwaga maji, kisha vyuma vya mkono vya kukwangulia ukoga ulioshikamana na mizizi chini ya fizi. Sauti yake naisikia hata sasa. Daktari alikuwa amenionya kwamba uvimbe ukishuka meno yataonekana marefu na maji baridi yatanichoma, na ikawa hivyo wiki kadhaa. Nyumbani nikaanza upya: mswaki laini, umeinamishwa kuelekea kwenye fizi, nikianzia palepale nilipokuwa napakwepa. Siku za kwanza damu ilitoka, nikaendelea. Wiki ya pili sinki likawa jeupe.

Baada ya miezi mitatu kijichuma kilirudi kinywani. "Tatu. Tatu. Mbili." Nilikuwa nimeshikilia mikono ya kiti. Jino moja la nyuma lilibaki na tano, na mfupa uliokwisha kupungua hauwezi kurudi wenyewe. Hilo daktari hakunificha. Ndiyo maana narudi kila miezi mitatu.

Mama alikuwa amebakiza meno 11. Alikataa mara mbili, akisema ni ya ukoo na ameshayazoea. Mara ya tatu nikamfuata Korogwe, tukapanda basi la alfajiri. Alipokaa kwenye kile kiti daktari alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia akiwa bado ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Kisha akaishusha. Muuguzi akashika kalamu.