Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye dada wa ripoti

Saa 10:45 alfajiri kengele ya simu inalia. Naoga, najaza chai kwenye chupa, na saa 11:30 nipo kituoni Tabata, hapa Dar es Salaam. Nikichelewa dakika 20 tu, foleni ya Buguruni inakula asubuhi yangu yote. Saa 1:15 nashuka Posta, natembea hadi ofisini, nafungua madirisha, nawasha kompyuta.

Nyumbani wanajua nafanya "kazi ya kompyuta". Ofisini wananiita dada wa ripoti, na wapo wanaoamini kutwa nzima nachora grafu. Ukweli ni kwamba grafu ni kitu cha mwisho kabisa.

Wahandisi wetu wanatengeneza mfumo wa kuendesha pampu na matangi ya maji. Kila jambo ambalo mfumo unapaswa kulifanya limeandikwa kama hitaji, lenye namba yake, hadhi yake, na kiungo kinacholiunganisha na jaribio la kulithibitisha. Mfano, hitaji 418: maji yakishuka chini ya kiwango, pampu izime ndani ya sekunde 5. Isipozima inazunguka kavu na kuharibika, na mtaa mzima unashika ndoo. Mahitaji hayo tunayatunza kwenye DOORS Next, programu ya IBM ya kutunza mahitaji, lakini wakubwa hawaingii huko. Wao wanafungua ripoti kwenye programu nyingine. Kazi yangu ni kuzipanga data za huku ili kule zisomeke kama zilivyo.

Saa 2:00 nakagua data zilizovutwa usiku. Ziko sawa, au ndivyo nilivyodhani.

Saa 2:40 simu. Ni mkuu wa mradi upande wa mteja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Namba yako ya leo siyo. Mahitaji yaliyothibitishwa 143? Vijana wangu wananiambia yamepita 200. Saa 8 mchana nina kikao na wafadhili."

Nikamwomba saa moja. Hiyo saa moja ilinifikisha karibu na saa 8.

Tuna timu mbili, ya pampu na ya matangi, na kila moja ina sifa, yaani sehemu ya kujaza kwenye kila hitaji, inayoitwa Hadhi. Ukiziangalia kwenye skrini zinafanana kama mapacha: jina moja, machaguo yale yale manne, hata mpangilio ni ule ule. Tatizo ni kwamba ripoti haitambui kitu kwa jina. Inakitambua kwa anwani. Kila sifa, na kila chaguo ndani yake, anayeipanga timu anapaswa kuiandikia anwani yenye sura ya anwani ya tovuti, ingawa hailazimiki kufungua ukurasa wowote. Neno "Imethibitishwa" la pampu na lile la matangi yasipobeba anwani moja, kwa ripoti hao ni akina Juma wawili wasiojuana.

Nikafungua orodha ya matangi. Sifa yenyewe ilikuwa na anwani sahihi. Machaguo yake manne hayakuwa nayo. Mimi ndiye niliyeipanga timu hiyo ilipoanza, na hatua hiyo niliiruka. Mahitaji 71 yalikuwa yamethibitishwa, na ripoti yangu haikuyahesabu hata moja. Iliniuma.

Kuandika anwani nne ni dakika sita. Kinachochosha ni kusubiri data zisomwe upya, huku mzee anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Simu ya tatu akaja na jipya: anataka na ulinganisho na toleo la mahitaji la mwezi Mei. Nikamweleza kwamba toleo lile lilishafungwa, ni kama mkataba uliotiwa saini, haligusiki, na limefungwa likiwa na machaguo yasiyo na anwani.

"Sasa si urekebishe kwenye Excel, mwanangu? Nani atajua?"

Nitajua mimi. Na siku pampu itakapoungua watarudi kwenye namba hizo hizo. Sikumjibu hivyo, yeye ni mtu mzima na ana presha ya kikao. Nilimwambia, "Mzee, namba sipiki. Nipe muda." Nikaandika kanuni kwenye ripoti yenyewe, kwamba machaguo ya Mei yasomwe sawa na ya sasa, na chini ya jedwali nikaeleza wazi kilichofanyika na sababu yake. Wali maharage niliouagiza kwa mama ntilie ulipoa mezani.

Wakati nasubiri nikaanza kuyapitia yale 71, moja baada ya jingine. Karibu na mwisho nikakuta moja limeandikwa Imethibitishwa, lakini sehemu ya kiungo cha jaribio tupu. Lilihusu valvu inayotakiwa kufunga tangi likijaa. Nikampigia mhandisi wa matangi.

"Dada, tuliiona inafunga kwa macho yetu."

"Naamini, kaka. Jaribio liko wapi?"

Akanyamaza. Kisha akalirudisha hitaji mwenyewe kwenye hadhi ya Inasubiri.

Ripoti ikatoka na 213. Mzee aliipata zikiwa zimebaki dakika chache kikao kianze, akauliza kwa nini siyo 214 kama vijana wake walivyomwambia asubuhi. Nikamtajia hitaji lile na sababu. Akasema "haya", akakata simu.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Nilipitia timu nyingine zote kutafuta machaguo yasiyo na anwani, nikakuta sehemu mbili, nikazirekebisha. Macho yalikuwa yanawaka. Nje giza limeshaingia, Posta watu wanagombania milango ya daladala, mimi nikaacha mawili yapite kwa sababu miguu ilikataa kukimbia. La tatu nikapata siti ya dirishani.

Tukiwa Buguruni ukaingia ujumbe wa yule mhandisi wa matangi. Kesho saa 3 asubuhi wanaijaribu valvu, anauliza kama nitaweza kuwepo kuandika matokeo. Nikamjibu nitakuwepo.