Vidonge vya aina tatu, kazi moja: nilivyoshindana na kibofu changu

Kwa karibu miaka miwili sikuwa naingia mahali bila kuuliza kwanza choo kiko wapi. Si kwamba nilikuwa na mkojo mwingi. Ni ile haja inayokuja ghafla, haipigi hodi, na ukichelewa dakika moja nguo zimelowa. Usiku naamka mara nne, mara tano. Nikapunguza kunywa maji nikidhani nakikomoa kibofu. Kumbe mkojo mzito unakichokoza zaidi, na choo nacho kikawa kigumu.

Daktari alipima mkojo kwanza, kuondoa wasiwasi wa maambukizi na sukari, kisha akanipiga ultrasaundi baada ya kukojoa ili aone kama kuna mkojo unaobaki ndani. Haukubaki. Halafu akanipa kazi niliyoiona ya aibu: siku tatu mfululizo nikojoe kwenye jagi lenye alama, niandike kiasi na saa. Nikaandika 90, 110, 70, 130. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 300 hadi 500. Changu kilikuwa kinapiga kelele kabla hakijafika hata nusu.

Akaniandikia oksibutinini miligramu 5, asubuhi na jioni, na akanieleza ilivyo. Misuli ya kibofu hukaza inapoletewa ujumbe na neva, na mjumbe mwenyewe ni kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa za antikolinejiki hukalia kiti cha mjumbe huyo. Akifika anakuta pamejaa, misuli inabaki imelegea. Tatizo ni kwamba mjumbe huyohuyo ndiye anayeamrisha mate yatoke, utumbo usukume chakula, jasho litiririke na macho yarekebishe mwono wa karibu. Unameza dawa ya kibofu, lakini mwili mzima unapata habari.

Mate ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Siku ya tatu nilikuwa nasoma taarifa mbele ya wenzangu kazini, nikafika kwenye neno “mapato” na likagoma kutoka. Mdomo wa juu umeganda kwenye meno. Nikapeleka ulimi kuubandua, ulimi wenyewe mkavu kama gamba. Watu wakadhani ni woga. Hata hivyo wiki ya pili nilianza kuona nafuu, usiku nikaamka mara mbili tu, nikaona hayo mengine ni ushuru wa kulipa.

Kosa nililifanya mwezi wa pili, na nililifanya mwenyewe. Nilipata mafua makali, nikanunua klorfeniramini. Wiki hiyohiyo tumbo langu la siku zote likaanza kusokota, nikarudia vidonge vyangu vya zamani vya msokoto, hayosini butilibromaidi ya miligramu 10. Siku tatu nikameza vyote. Moyo ukawa unakwenda mbio nimekaa tu. Maandishi ya kwenye pakiti yakawa ukungu. Choo kikubwa nilikuwa nimekisahau kwa siku tano. Kisha asubuhi moja kibofu kile kisichojua kusubiri kikakataa kufunguka. Nilikaa chooni nusu saa, bomba nimelifungulia litiririke ili linishawishi, na nilichopata ni matone. Tumbo la chini limekuwa gumu, halishikiki.

Niliwekewa mpira wa mkojo. Zilitoka mililita 800, na sidhani kama nimewahi kupata raha ya namna ile maishani.

Kabla sijaruhusiwa kuondoka alikuja mfamasia, akaniuliza unameza nini kingine.

“Hamna, ni hii ya kibofu tu.”

“Hata ya mafua? Ya tumbo je?”

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. “Dada, hizo zote ni ukoo mmoja.”

Hayosini inalegeza misuli ya utumbo kwa njia ileile oksibutinini inavyolegeza ya kibofu. Klorfeniramini ni ya mzio, lakini ni ya kizazi cha zamani na ina tabia hiyohiyo pembeni. Mimi nilihesabu dawa tatu za magonjwa matatu, mwili ukahesabu dozi moja kubwa. Na sikumdanganya mfamasia kwa makusudi. Kidonge cha mafua nani anakiita dawa? Tangu siku hiyo nikienda kliniki nabeba mfuko wenye kila pakiti iliyomo nyumbani, hata zile za kikohozi, navimwaga mezani.

Mfuko huo ulimsaidia na mama yangu. Alikuwa anameza amitriptilini usiku kwa maumivu ya neva, na sisi tulikuwa tunasema uzee umemwingia kwa jinsi alivyokuwa anasahau. Amitriptilini nayo ni ya ukoo huu, na wazee ndio inaowavuruga zaidi kichwani. Daktari wake aliipunguza taratibu. Anatukumbusha madeni yetu sasa.

Mimi nilibadilishiwa, nikapewa oksibutinini inayoyeyuka polepole, miligramu 10 mara moja kwa siku. Ukavu upo ila haunigandishi midomo. Daktari alinitajia pia solifenasini, na mirabegroni ambayo haimgusi mjumbe yule kabisa, inapitia njia nyingine. Tukakubaliana iwe akiba. Aliniuliza pia kuhusu presha ya macho, kwa sababu mwenye ile ya pembe nyembamba dawa hizi zinaweza kumharibia.

Lakini kilichonisaidia kuliko nilivyotegemea ni mazoezi. Haja ikija sikimbii. Nakaa, nakaza misuli ya chini kwa haraka mara tano au sita, nasubiri wimbi lipite, ndipo natembea kwenda chooni kama mtu mwenye heshima zake. Kila wiki nilisogeza muda dakika 15 mbele. Wiki mbili za mwanzo ni mateso, sitawaficha. Maji nilirudia kunywa kama kawaida, nikiyapunguza jioni, na kahawa nikaiaga. Kwa choo kigumu natumia laktulosi, maana utumbo uliojaa unakikandamiza kibofu na kukirudisha kwenye vurugu zake. Meno nayapiga mswaki kwa bidii kuliko zamani, kwa kuwa mate ndiyo yalikuwa yanayalinda, na natafuna ubani usio na sukari. Siku za joto kali nakaa kivulini, kwani jasho langu limepungua na mwili unachelewa kupoa.

Jagi bado liko bafuni. Juzi lilisoma 320, na mdomo ulikuwa mkavu vilevile.