Siku niliyompeleka mzee ngome ya Uppsala

Baba alikuja kunitembelea Sweden mwezi wa sita, na mtu aliyefundisha historia sekondari Tanga mpaka akastaafu huwezi kumzungusha madukani tu ukasema umemtembeza. Nikampeleka Uppsala, kwenye ile ngome ya rangi ya waridi kule kilimani, kuna ukumbi ambao malkia Kristina wa Sweden aliachia taji tarehe 6 Juni 1654. Mjini bendera kila kona, mzee akauliza kama ni za huyo malkia, nikamwambia hapana baba, hiyo ni sikukuu yao ya taifa, Gustav Vasa alichaguliwa mfalme tarehe hiyohiyo mwaka 1523. Akacheka, "Kwa hiyo mwenzie kamfunika."

Ukumbini yule dada wa kutembeza wageni alikuwa anaongea Kiingereza cha haraka, mzee masikio yake siku hizi mazito, ikabidi nimtafsirie pembeni. Kwamba baba yake Kristina, Gustav Adolf, aliuawa vitani Lützen, Ujerumani, 1632, binti hajatimiza hata miaka sita, nchi ikashikwa na baraza la walezi chini ya kansela Axel Oxenstierna mpaka 1644 alipofika miaka 18 akaanza kutawala mwenyewe. Na hapohapo ndo balaa la "utaolewa lini" likakolea, baraza linataka, bunge linataka, na mchumba yupo tayari, Karl Gustav, mtoto wa shangazi yake, walishapeana ahadi kisirisiri ujanani.

Mzee akanikatisha. "Hebu muulize, akiolewa jeshi linakuwa la nani?"

Nikauliza, na mimi naona aibu kidogo maana kundi zima limegeuka. Dada akasema hilo ndilo swali lenyewe. Akiolewa na mgeni nchi inaingizwa kwenye vita vya watu, akichukua bwana wa humohumo koo nyingine zinanuna, na zama zile mume ndo kichwa cha nyumba, sasa mke akiwa ndo mwenye kiti cha enzi nani anamuamrisha nani? Asipoolewa nako taabu, akifa bila mtoto kuna ndugu zao wa ukoo wa Vasa kule Poland, Wakatoliki, wakati Sweden ni ya Kilutheri, wanaodai kiti ni chao.

Sasa malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza yeye aliwazungusha tu, wachumba wanaleta zawadi miaka inaenda (mmoja wao mfalme Erik XIV wa Sweden, kaka wa babu yake Kristina, kwa hiyo ukoo huu ulishakataliwa ukajua utamu wake) na jina la mrithi hataki kulitaja. Kristina akafanya kinyume. Alisema waziwazi haolewi na yeyote, halafu 1649 akalibana bunge mpaka likamkubali huyohuyo Karl Gustav kuwa mrithi. Yaani mchumba kamgeuza mrithi! Mzee hapo alinishika mkono, "Huyu mtoto alikuwa na akili." Watu husema alikimbilia dini tu, na kweli baadaye akawa Mkatoliki, kitu ambacho kwa mfalme wa Sweden hakikuwezekana, lakini mi naona njia ya kutokea alishaichonga mapema, 1651 alitaka kujiuzulu wakamsihi akabaki.

Halafu siku yenyewe. Inasimuliwa Per Brahe, mkubwa mmoja wa baraza, ndo alipangiwa kumvua taji, zamu yake ikafika mzee wa watu kaganda, hasogei, malkia akainua mikono akalivua mwenyewe, akabaki na gauni jeupe la kawaida. Karl Gustav akavishwa taji kanisa kuu siku hiyohiyo. Nilivyotafsiri hiyo ya Per Brahe mzee alitoa kofia akaishika mkononi, sijui kama alijua anafanya hivyo.

Nikadhani tumemaliza, kumbe bado. Mzee aliyefukuzia kiinua mgongo chake ofisi hadi ofisi akauliza, "Na mafao yake walimlipa?"

Yule dada akacheka kweli. Alipewa mapato ya Norrköping, Gotland, Öland na sehemu nyingine, lakini yeye anaishi Roma na Sweden iko vitani, hela zinasuasua, mpaka 1660 akarudi mwenyewe kufuatilia, na 1667 tena.

"Malkia mzima!" mzee akasema, akafurahi mpaka tunafika kituo cha treni.