38911 ya Commodore 64 inatoka wapi?

Washa Commodore 64, kompyuta ya zamani ya nyumbani: mstari mmoja wa skrini unajisifu 64K za RAM (kumbukumbu ya kuandika na kusoma), papo hapo unakiri kwamba BASIC, lugha yake ya programu, imebakiwa na baiti 38911. Hakuna kilichoibwa.

Prosesa ya 6510 ina nyaya 16 za anwani, yaani nafasi 65536, na RAM peke yake inazijaza zote. Lakini zipo pia 20K za ROM, kumbukumbu ya kusoma tu (BASIC 8K, KERNAL, yaani programu ya msingi ya mfumo, 8K, herufi 4K), na chipu za picha na sauti, zote zikigombea anwani zilezile. Mwamuzi ni chipu iitwayo PLA, inayosikiliza biti tatu za chini za anwani 1. Umeme unapoingia, pini za biti hizo bado ni za kupokea tu, na resista huzivuta juu. PLA inasoma 111: BASIC inakaa $A000, vifaa $D000, KERNAL $E000 (alama ya $ ni heksadesimali). Ni lazima iwe hivyo, maana 6510 huchukua anwani ya kuanzia kutoka $FFFC na $FFFD. RAM ingekuwa pale, prosesa ingesoma takataka. ROM inajibu $FCE2.

KERNAL huangalia kwanza kama kuna kartriji yenye alama CBM80 kuanzia $8004. Ikiikuta, inaikabidhi usukani. Isipoikuta, inaandaa vifaa kisha inapima RAM kuanzia $0400: inaandika $55, inasoma, inazungusha biti, inaandika na kusoma tena, halafu inarudisha kilichokuwepo. Ikifika $A000, yaani 40960, inaandika kama kawaida, ila kinachosomwa ni baiti ya ROM, $94. Hailingani, basi inasimama hapo. Programu za BASIC huanzia $0801, yaani 2049. 40960 kutoa 2049 ni 38911.

Kwa fundi, namba hiyo ni kipimo cha bure. Ikipungua, jumlisha 2049 upate anwani ambapo upimaji umekwama. Ila ukiona 30719, usishike chuma cha kulehemu kabla hujachomoa kartriji: ROM yake iliyoko $8000 imesimamisha upimaji mapema. Skrini nyeusi tupu ni kesi nyingine, na PLA iliyokufa ni mshukiwa wa kawaida.

Ujanja uko hapa: kusoma kunakwenda ROM, kuandika kunapenya hadi RAM iliyo chini yake. POKE ni amri ya kuandika baiti kwenye anwani, PEEK ni ya kuisoma. Ukiandika POKE 1,54 hivihivi, PLA inasoma 110 na kuiondoa ROM ya BASIC: BASIC inatoweka ikiwa kazini na mashine inaganda. Tanguliza hii:

FOR I=40960 TO 49151:POKE I,PEEK(I):NEXT

Inaonekana kichekesho, kuandika kitu palepale kilipotoka. Subiri imalize, ndipo uandike POKE 1,54. BASIC sasa iko kwenye RAM, nawe unaweza kuibadilisha utakavyo.