Usiku wa Carlisle pale Tunduma

Nyumbani kwetu Mbeya mama alikuwa Simba, mimi na kaka zangu Yanga, na baba alikuwa Carlisle United. Wageni walidhani anatania. Siku ya Simba na Yanga, Mwanjelwa nzima ikiwa haisemeshani, yeye alikuwa uani anafua koti lake la safari. Ukimuuliza mbona hasikilizi mpira, anajibu: "Wale wana watu wa kutosha."

Jezi aliipata kwenye mitumba ya palepale Mwanjelwa. Ya bluu, imepauka mabegani, kwapa moja imeshonwa kwa uzi mweusi, na kifuani imeandikwa EDDIE STOBART kwa herufi kubwa. Baba alikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Zambia, Scania ya tajiri mmoja wa Dar. Akawa anamuuliza kila ajuaye Kiingereza: huyu Eddie ni mchezaji wa namba ngapi? Jibu alilipata kwenye foleni ya mzani, kwa mzungu mmoja wa kampuni ya barabara. Stobart si mchezaji, ni kampuni ya malori. Iko Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, malori yake ni ya kijani na kila moja lina jina la mwanamke.

Baba alirudi na habari hiyo kama mtu aliyeokota pesa. Timu inayovaa jina la malori! Tena mji wenyewe uko mpakani, ukiutoka kidogo tu umeingia Uskoti. "Hiyo ni Tunduma yao," alisema. Safari iliyofuata akaandika jina la mama kwa rangi nyeupe ndani ya kebini, juu ya kioo, mahali ambapo tajiri asingepaona upesi. Mama hakufurahi hata kidogo. "Yaani mimi ndiyo nimekuwa lori?"

Carlisle haikuwa peke yake. Alikuwa na daftari la kaunta, lile gumu lenye mgongo mwekundu, na humo kulikuwa na timu ambazo sidhani kama kuna mtu mwingine kati ya Mbeya na Iringa aliyezijali. Queen of the South ya Uskoti aliichukua kwa jina tu; aliiita Malkia wa Kusini, na ikifungwa alisema Malkia kavuliwa viatu. Stenhousemuir aliipenda kwa sababu haitamkiki. Za Zambia alizifuata kwa sababu alipita mijini kwao: Mufulira Wanderers, Nchanga Rangers ya Chingola. Na ya nyumbani ilikuwa moja, Tukuyu Stars, iliyopanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, kisha watu wakaisahau. Yeye hakuisahau. Nadhani ndiyo iliyomharibu. Alishaona mara moja kwamba inawezekana, basi akakaa anasubiri itokee tena, popote pale duniani.

Matokeo ya Ulaya aliyapata BBC, ile ya Kiingereza, kwenye redio ya mkulima. Kila Jumamosi saa moja usiku kwa saa zetu, au saa mbili wakati wa baridi yao, mtangazaji alisoma matokeo yote, daraja kwa daraja, timu ya nyumbani kwanza, kwa mpangilio wa alfabeti. Kiingereza cha baba kilikuwa cha barabarani, cha kuombea spea na kubembelezea askari, lakini kwa dakika zile alisikia kama Mwingereza. Alinifundisha siri yake. Msomaji akitaja timu ya pili, sikiliza sauti, namba achana nayo. Ikipanda, wageni wameshinda. Ikishuka kama mtu anayeweka mzigo chini, wamefungwa. Ikikaa katikati, inafanana na ya kwanza, ni sare. Tulikuwa tunashindana kubashiri kabla namba haijatajwa, na mimi nilimshinda mara nyingi tu, ingawa yeye hakuwahi kukubali.

Msimu wa 1998/99 Carlisle walikuwa wanazama. Daraja lao liliitwa la Tatu, ila ukihesabu na Ligi Kuu ni la nne, na chini yake hakuna tena ligi ya wakubwa. Anayeshika mkia anatolewa nje, anakwenda kucheza na timu za watu wanaotoka kazini jioni. Baba alijumlisha pointi kwenye daftari kila wiki. Hesabu yake ilikuwa na mapengo, maana kuna Jumamosi zilimkuta ameharibikiwa porini, lakini kufikia Mei alikuwa ameziba karibu yote. Aliyekuwa juu yetu, Scarborough, 47; Carlisle 46. Imebaki mechi moja. Scarborough akitoka sare, Carlisle lazima ashinde.

Mechi hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Mei 1999. Ijumaa baba alilala nyumbani, lori limebeba mbolea ya kwenda Zambia, na asubuhi akasema nitakwenda naye hadi Tunduma kumpelekea shangazi mchele wa Kyela, nilale huko, kesho yake nirudi na Hiace. Mama alipinga. Mtoto wa kike wa darasa la sita kwenye lori, majirani watasemaje? Baba akamwambia kwamba kwenye lori hilo tayari kuna mwanamke mmoja, jina lake limeandikwa juu ya kioo. Mama akacheka, na akishacheka ameshindwa.

Tulipita Mbalizi, Mlowo, Vwawa, taratibu, utingo amelala nyuma yangu. Tunduma tulifika mchana, na foleni ilikuwa imeanzia mbali sana na geti. Mchele ulipelekwa na utingo. Mimi nilitakiwa kuondoka naye, lakini nilijifanya tumbo linauma, na baba, ambaye alijua kabisa haliumi, akasema basi nipumzike hadi jioni.

Kuanzia saa kumi na moja, mpira ulipoanza kule kwao, hakukalika. Alikagua matairi ambayo alishayakagua. Redio hakuifungua, kwa sababu betri zilikuwa zimechoka. Zilishinda juu ya boneti juani tangu tufike, na alikuwa amezing'ata meno moja moja, kama wengi wetu tulivyofanya enzi zile. Duka la jirani lilikuwa na betri ndogo tu. Saa kumi na mbili na nusu jua likawa linazama na baridi ya Tunduma ikashuka, ile inayopita hadi kwenye kope. Madereva wanne watano walikuja kwenye jiko letu la mkaa. Wote walimwita Kalaili. Mmoja, mtu wa Tanga, Coastal Union wa kufa, alimuuliza kama wachezaji wake wamekula.

"Leo msinitanie," baba alisema. "Leo tunakufa."

Saa moja kasoro dakika chache alifunga waya wa antena kwenye kioo cha pembeni cha lori, akaweka betri, akawasha. Mlio ulikuja, ukaondoka, ukarudi na Kiarabu ndani yake. Aligeuza redio, akaiegemeza mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyemlaza mtoto. Ligi Kuu ikasomwa. Daraja la Pili. Daftari lilikuwa mapajani mwangu na kalamu mkononi mwangu, kwa sababu mikono yake ilikuwa haifai.

Halafu Daraja la Tatu. Alfabeti ilikuwa upande wetu, Carlisle husomwa mapema.

"Carlisle United 2, Plymouth Argyle..." na sauti ikashuka.

"Tumeshinda!" nilipiga kelele kabla ya namba. Moja. Mbili kwa moja. Mtu wa Tanga akaanza kupiga makofi, baba akamshika mkono. Bado. Kuna Scarborough, na S iko mbali. Akishinda huyo, mbili kwa moja yetu haina maana yoyote.

Sijawahi kuona herufi zinavyochelewa kama usiku ule. Timu baada ya timu, majina ambayo siku nyingine tungeyafurahia, na sauti inazidi kuwa nyembamba. Betri zilikuwa zinakufa. Baba aliinama, akaishika redio kwa viganja viwili, akaiweka ndani ya koti, kifuani, juu ya ile jezi, ili ipate joto. Ndivyo alivyoamini, na sikubishi, maana ilizungumza tena kwa sekunde kadhaa.

"Scarborough 1, Peterborough United..."

Kimya. Hata mkwaruzo haukubaki.

Madereva wote wakamtazama. Utingo, aliyekuwa amesharudi, akasema, "Ngapi sasa?"

Baba hakujibu. Alinitazama mimi. Mimi nilisikia ile sauti ikitaja jina la pili: haikupanda, haikushuka. Ilikaa palepale ilipokaa ya kwanza.

"Sare," nilisema.

"Sare," baba akasema. "Andika moja moja."

Mtu wa Tanga alitaka kujua tunaandikaje kitu ambacho redio haikukisema. Baba hakuhangaika kumweleza. Alikwenda kwa mama lishe, akarudi na chipsi na kuku kwenye gazeti, nzima, si kidari, akawagawia watu ambao nusu yao hawakujua Carlisle iko nchi gani. Nililala kebini usiku ule, chini ya jina la mama. Shangazi alinuna mwezi mzima.

Kwa miaka mingi nilidhani hadithi imeishia hapo, na baba pia. Mwaka 2004 Carlisle walishuka kweli, wakarudi mwaka uliofuata, yote hayo akayaandika. Kisha mwaka 2013 nilikuwa nimetoka Dar kuja kumsalimia, ameshastaafu, mguu mmoja unamsumbua, na nilikuwa na simu yenye bando. Kwa mchezo tu nikaandika Carlisle na Plymouth na mwaka.

Tulikuwa tumekosa kitu kimoja, yaani kama betri zingevumilia dakika tano tu mtangazaji angekisema. Bao la pili lilifungwa na kipa.

Baba hakuamini. Nikampa miwani. Mechi ni moja moja, dakika 90 zimepita, zimeongezwa nne. Kona. Kutoka upande wa pili wa uwanja anakuja mtu wa jezi nyekundu anakimbia kama anayewahi basi la mwisho. Jimmy Glass, kipa wa mkopo kutoka Swindon. Alidakia Carlisle mechi tatu tu. Kichwa kinapigwa, kipa wa Plymouth anapangua, mpira unamdondokea Glass, anausukuma wavuni kwa mguu wa kulia. Halafu huoni tena nyasi, ni watu tu.

"Kipa," baba alisema. "Kipa alifuata nini huku?"

"Walikuwa wanashuka, baba."

"Na lango alimwachia nani?"

Aliitazama mara tano. Nikamwambia kwamba huyo Glass aliacha mpira mapema, akaja kuwa dereva wa teksi. Hapo ndipo alipofurahi kuliko kwenye bao lenyewe. Alimwita mama kutoka jikoni. "Njoo umwone dereva mwenzangu!" Mama alikuja na mwiko, akaangalia, akasema uwanja mdogo.

Nilitegemea ataniambia nimletee daftari. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa shati, na akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Na wale Scarborough?"

Nikasoma. Siku ile mechi yao ilikuwa imekwisha mapema kidogo, sare moja moja kama tulivyoandika, na mashabiki wao walikuwa wameshaingia uwanjani wanashangilia kwamba wamepona, wanasubiri tu filimbi ya Carlisle. Hawakurudi tena. Mwaka 2007 klabu ilifungwa kwa madeni.

Baba alikaa kimya. Mama alikuwa amesharudi jikoni. Nikaendelea kusoma kwa sauti: mashabiki walianzisha timu nyingine mwaka huohuo, Scarborough Athletic, ila hawakuwa na uwanja mjini kwao, wanachezea Bridlington, mji wa jirani.

"Kila mechi?"

"Kila mechi. Mwaka wa sita huu."

"Kwa hiyo hata nyumbani wako safarini."

Alinyoosha mguu wake mbovu, akaomba simu, akaishika mbali na uso kama wazee wanavyozishika. Kisha akanirudishia.

"Hebu niangalizie," alisema. "Jumamosi walitoka ngapi?"