Nilivyotenganisha maelfu ya picha kwa kufuata pikseli zake

Hajjati mmoja wa hapa Arua, Uganda, alitaka kitabu cha picha cha ukoo wake kiwe tayari kabla ya Idd: kurasa za A4, jalada gumu, na pamoja nacho picha moja ya A2 ya kutundika sebuleni. Picha zenyewe zilifika kwenye diski ya nje ambayo mpwa wake alikuwa ameijaza kila alichokipata, kuanzia simu za watu wa nyumbani na magrupu ya WhatsApp hadi skani za picha za zamani. Humo humo kulikuwa na picha za memori kadi ya harusi ya binti yake, kadi iliyowahi kufutwa kisha ikafufuliwa kwa programu ya PhotoRec. Jumla ilizidi faili elfu tisa, folda ndani ya folda.

Aliyewahi kutumia PhotoRec anajua inavyorudisha mali: picha unazipata, majina yamekwenda. Folda zinaitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, na ndani yake kila faili ni herufi moja na msururu wa tarakimu. Tena inakurudishia hata vile vipicha vidogo ambavyo kamera huvihifadhi ndani ya faili ili ivionyeshe haraka kwenye kioo chake. Ukifungua folda unakuta bibi harusi mara mbili, mara moja kwa ukubwa wake kamili na mara ya pili akiwa wa ukubwa wa stempu.

Kwa hiyo kupanga kwa majina hakukuwa na maana. Tarehe nayo haikunifikisha mbali, kwa sababu WhatsApp huondoa taarifa ambazo kamera iliandika ndani ya picha, ikiwemo siku ilipopigwa. Unabaki na tarehe ya kupokelewa, na katika ukoo huu picha ya mwaka juzi ilikuwa inatumwa upya kila Idd.

Mpwa akapendekeza tupange kwa uzito. "Kaka, zenye MB nyingi si ndizo nzuri?" Wengi wanaokuja studio wanaamini hivyo. Lakini uzito wa faili ya JPEG, ile ya kawaida ya simu na kamera, unategemea mambo mawili zaidi ya ukubwa wa picha: imebanwa kiasi gani, na ndani yake kuna vitu vingi kiasi gani. Umati wa akina mama waliovaa gurbaba zenye maua ni mzito. Ukuta mweupe wenye mtu mmoja mbele yake ni mwepesi, hata kama kamera ni ile ile na pikseli ni zile zile. Halafu kuna skrinishoti za PNG, aina ya faili ambayo haitupi chochote cha picha inapoibana. Nilimwonyesha moja, tangazo la duka la simu, ilikuwa na MB tatu na kitu, ikiipita kwa uzito picha safi ya bibi yake akiwa kibarazani. Akanyamaza.

Kilichobaki ni pikseli: picha ina nukta ngapi kwa upana na ngapi kwa urefu. Mashine ya kuchapa haijali jina wala megabaiti. Inauliza nukta ziko ngapi za kutandaza kwenye karatasi.

Hesabu yake si ngumu. Mchapishaji wetu wa Kampala, kule Nasser Road, anataka nukta 300 kwa kila inchi. A4 ni milimita 210 kwa 297, kwa hiyo inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inaridhika na 1200 kwa 1800. Kuhusu ile A2 ya sebuleni, kila upande wake ni mara mbili ya A4, na watu huogopa wakisikia hivyo. Lakini picha ya ukutani inatazamwa kutoka kwenye kochi, na kwa umbali huo nukta 150 kwa inchi zinatosha vizuri. Piga hesabu utaona unarudi palepale, 2480 kwa 3508. Kipimo kimoja kikanifaa kwa kazi zote mbili.

Nilianza na kilichokuwepo, yaani Windows yenyewe. Ukifungua folda kwa mwonekano wa "Details", ukabofya kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya vichwa vya safu, unaweza kuongeza safu za "Width" na "Height". Ipo pia safu ya "Dimensions", ila siipendi kwa kazi hii: inaandika vipimo vyote viwili pamoja, na ukipanga kwayo picha iliyosimama ya 3000 kwa 4000 inakaa mbali na iliyolala ya 4000 kwa 3000, wakati ni simu moja na pikseli sawa.

Kisanduku cha kutafuta ndicho chenye nguvu zaidi. Ukiandika width:>=2480 unapata picha zote zenye upana huo kwenda juu, hata zilizo kwenye folda za ndani. Tatizo ni kwamba unaingiza na zisizofaa. Baadhi ya simu zikiwekwa kupiga picha pana hutoa 3264 kwa 1836. Upana unapita, upande wa pili haufiki. Dawa yake ni kudai pande zote mbili kwa pamoja:

width:>=2480 height:>=2480

Ukidai hivyo, unaupima upande mfupi bila kujali picha imesimama au imelala. Huo upande mfupi ndio wa kuuangalia siku zote. Mtu akikuambia picha yake ina "elfu tatu", muulize elfu tatu upande gani.

Hapo nikaona jambo. Simu za megapikseli 8, yaani pikseli milioni nane, hutoa 3264 kwa 2448, na kwa kipimo changu zote zilikuwa zinaanguka kwa upungufu wa pikseli 32. Kuzikataa ingekuwa ukaidi. Kwenye A4 bado zinatoa karibu nukta 280 kwa inchi, na hakuna jicho la Arua wala la Kampala litakaloona tofauti. Nikakishusha kipimo hadi 2400.

Windows ilinipa jibu la ndiyo au hapana, tena polepole, maana haikuwa imeziorodhesha mapema faili za diski ya nje. Mimi nilitaka zaidi: kila ukubwa ukae kwenye folda yake ili nione ninashughulika na nini. Kwa hilo natumia ExifTool ya Phil Harvey. Ni ya bure, faili yake haili bando, na inaendeshwa kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi ambalo wengi wanalikimbia bure. Nikanakili diski nzima kwanza, maana mali ya mtu haichezewi, kisha nikaandika:

exiftool -r "-Directory<D:/zimepangwa/$ImageSize" D:/nakala

Maana yake: ingia folda zote, soma ukubwa wa kila picha, ihamishie kwenye folda yenye jina la ukubwa huo, kama folda haipo, iunde. Zikigongana mbili zenye jina moja na ukubwa mmoja, haiandiki moja juu ya nyingine. Ya pili inaachwa ilipokuwa na unaambiwa, unaibadilisha jina unairudia. Nikaiacha ifanye kazi, nikaenda kuhudumia waliokuja kupiga picha za pasipoti.

Niliporudi, ule mrundo ulikuwa umegeuka ukoo unaosomeka, na hapa ndipo kazi ilipokuwa tamu. Folda ya 160x120 ilikuwa vile vipicha vya stempu tu. Ikawekwa kando yote bila kufunguliwa picha moja moja. Folda za 720x1600 na 1080x2400 zilikuwa na umbo la kioo cha simu, na kweli zilikuwa skrinishoti: risiti za pesa za simu, mawaidha, ratiba za mabasi, bei ya mabati. Nazo kando. Folda ya 5472x3648 ilikuwa harusi, yote, na karibu hakuna kingine, kwa sababu mpiga picha alitumia Canon ya megapikseli 20 na hakuna mwingine kwenye familia mwenye kamera ya namna hiyo. Majina yalikuwa yamepotea na kadi ilikuwa imefutwa, lakini pikseli zenyewe zilikuwa zinasema ni za nani.

Picha za simu zilijaa kwenye 4000x3000. Usishangae kukuta humo zilizosimama. Simu mara nyingi huihifadhi picha ikiwa imelala na kuweka maelezo pembeni kwamba igeuzwe wakati wa kuonyeshwa, na ExifTool inasoma ilivyohifadhiwa.

Halafu WhatsApp. Kwa kawaida inapunguza upande mrefu hadi 1600, lakini uwiano wa pande haiugusi. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo picha zao zinatoka 1600x1200 au 1200x1600. Kamera kubwa hupiga kwa 3 kwa 2, na picha zao zinatoka 1600x1067 au 1066. Kwa hiyo kila nilichokikuta kwenye folda ya 1600x1067 nilijua kimetoka kwenye kamera ya harusi, na kwamba huenda asili yake ipo nzima kule kwenye 5472x3648. Nilifungua madirisha mawili ubavu kwa ubavu, na picha nyingi ambazo Hajjati alikuwa amezichagua kwenye simu yake nikazipatia asili yake hivyo. Moja ni ya wazee wanne wamekaa kwenye mkeka, imepigwa kwa mwanga wa jioni. Kwenye simu ilikuwa ukungu. Kwenye asili yake unasoma saa ya mzee wa tatu. Hiyo ndiyo iliyokwenda A2, kwa nukta 220 kwa inchi.

Folda zilizonikalisha zaidi zilikuwa zile zenye picha moja au mbili na vipimo vya ajabu, kama 1187x1432. Kamera haitoi kitu cha namna hiyo. Ni mkono wa mtu uliokata. Na watu hukata kwa sababu: wanamtoa mtu kwenye kundi ili awekwe kwenye tangazo la msiba au kwenye fomu. Nikamwita Hajjati tukazipitia pamoja, maana hizo hazipangiki kwa mashine. Alinitajia majina na undugu, nikaandika.

Pikseli zina udanganyifu wao mmoja. Kulikuwa na picha ya babu, 4800 kwa 6400, kubwa kuliko zote kwenye diski. Nilipoikuza hadi asilimia mia, ngozi ilikuwa laini kama plastiki na shanga za tasbihi zimeungana kuwa kamba. Mpwa akasema aliipitisha kwenye programu ya "kusafisha picha". Asili yake nilikuwa ninayo, 1200 kwa 1600. Programu ilizidisha kila upande mara nne na kujibunia kilichokosekana. Niliikataa. Idadi ya pikseli inakuambia picha gani haiwezi kabisa. Ile inayoweza lazima uikuze uiangalie kwa macho yako.

Na kuna wanaofungua maelezo ya faili, wakaona imeandikwa 72 dpi, yaani nukta 72 kwa inchi, wakaanza kuhangaika. Hiyo namba ni maandishi tu ambayo kamera imebandika. Ile picha ya wazee ina 72 hiyo hiyo. Ukiifuata ungeichapa kwa upana wa karibu mita mbili. Hesabu pikseli, gawanya kwa inchi za karatasi, basi.

Mvutano ulikuwa kwenye picha ya baba yake Hajjati, 640 kwa 480, ya simu ndogo ya zamani, na nyingine hakuna. Yeye alitaka ijaze ukurasa. "Mwanangu, huyu ndiye mwenye kitabu." Nikamwambia, "Sawa Hajjati, tuone kwanza," nikazichapa mbili kwenye printa ya studio: moja ya ukurasa mzima, nyingine ya upana wa sentimita kumi na moja katikati ya karatasi nyeupe. Alizishika zote mbili mlangoni penye mwanga, akanirudishia ile kubwa. Sikumweleza chochote kuhusu nukta.

Picha nyingine za WhatsApp ambazo hazikupata asili nilizipanga nne nne kwa ukurasa, na kwa ukubwa huo zinapendeza. Mpwa bado ananiletea zilizosahaulika. Nimemwonyesha kuzituma kwa kuchagua "Document" badala ya picha, ili zifike bila kupunguzwa, na ya mwisho imefika 4000 kwa 3000 kamili.